Vipande Vitatu Vyeupe

Mimi kitu nahesabu mara mbili. Chenji naihesabu ikiwa bado mkononi mwa anayenipa, halafu naihesabu tena ikishafika kwangu, na mtu akinuna namwambia ahesabu na yeye ili tuwe na ushahidi. Nina duka la vyombo Ngarenaro: masufuria, mabeseni, chupa za chai, ndoo zenye vifuniko na zisizo na vifuniko. Kwa miaka yote niliyokaa pale sijanunua kitu kwa bei ya kwanza, na sijauza kitu kwa ile bei ninayoapa kwamba ndiyo ya mwisho. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba kosa ninalolisimulia halikufanywa na mtu mzembe. Lilifanywa na mtu aliyehesabu mara mbili, na hesabu ikatoka sawasawa.

Mwaka ule baba yangu alikuwa na uvimbe tumboni. Madaktari walitaka kumpasua tangu masika, akakataa. Wakampa tarehe nyingine, akakataa tena. Alisema ameishi na tumbo lake miaka sabini na sita bila kulifungua na haoni sababu ya kuanza sasa. Nilimbembeleza mwezi mzima. Nimepambana na wauza jumla wa kila namna, wenye sauti na wenye viburi, lakini hakuna aliyenichosha kama yule mzee, kwa sababu yeye habishani. Unamaliza maneno yako yote, yeye anauliza kama chai ipo.

Halafu Ijumaa moja alirudi msikitini akitembea kwa kushika ukuta, akakaa kwenye kiti chake barazani, akavua kofia na kuiweka gotini.

"Haya," akasema. "Waambie nitakwenda."

Sikumuuliza kilichombadilisha. Mteja akikubali bei hupaswi kumuuliza kwa nini, funga mzigo upesi. Hospitali wakatupangia Jumanne, siku kumi na moja mbele, na daktari akanivuta pembeni akaniambia tarehe hii isipotumika yeye hana tena cha kusema. Kuanzia hapo nikawa natembea ndani ya nyumba yangu kama nimebeba trei ya mayai. Jirani mmoja alianza kusimulia habari za shemeji yake aliyepasuliwa, nikamtoa nje kwa kisingizio cha kumwonyesha mche wa parachichi. Sikutaka neno, wala mgeni, wala ndoto ya mtu, imtingishe baba kabla ya Jumanne.

Kilichobaki kilikuwa mashuka. Wodini mgonjwa huenda na ya kwake, na ya nyumbani kwangu yalikuwa ya maua makubwa mekundu ambayo baba aliyaita pazia la harusi. Nilitaka meupe, ya pamba, yanayochemshwa kwenye maji bila kuharibika. Matatu: moja la kutandika, moja la kujifunika, moja liko kwenye kamba linakauka. Nilihesabu hivyo, nikahesabu tena, yakawa matatu.

Kwa nini sikuyanunua Ngarenaro, mlango wa tatu kutoka dukani kwangu? Sababu ya kwanza, wauza mashuka wa pale wananijua. Wakiniona kwa mbali wanapandisha bei kwanza ndipo wananisalimia. Sababu ya pili ndiyo ya kweli. Mwanamke wa makamo akinunua mashuka meupe matatu kwa mpigo, kila mtu anauliza nani anaumwa, na mimi sikuwa na nguvu ya kujibu mtaa mzima.

Basi Jumatano ile, duka likiwa halina mteja, nikaingia kwenye simu. Kuna duka moja la mtandaoni, la Dar, ambako wenzangu wananunua. Nikaandika "shuka nyeupe pamba", zikaja picha mia. Nikashuka nazo mpaka nikakuta kitambaa cheupe kimekunjwa vizuri, maandishi yake yakisema: SETI KAMILI, BAFTA NYEUPE, PAMBA TUPU, VIPANDE VITATU, halafu nukta nukta, kwa sababu kioo cha simu yangu hakina nafasi ya maneno marefu. Chini yake: zawadi ya manukato ndani. Nikasema, watu wa Dar hawa wana mambo, mashuka na manukato juu. Bei ilikuwa ya aibu kwa unyonge wake. Pembeni kulikuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma na neno: Zimebaki mbili.

Zimebaki mbili. Mimi mwenyewe namwambia hivyo kila mteja, na mabeseni kumi na mawili yamejaa chini ya meza. Naijua hila ile kama kiganja changu. Nikabonyeza hivyo hivyo, nikalipa palepale kwa simu ili nipate punguzo la wanaolipa kwanza. Kwenye nafasi ya namba ya mpokeaji nikaweka ya baba, kile kitochi chake cha vitufe, kwa kuwa mchana yeye ndiye anayekaa nyumbani, Daraja Mbili, barazani, macho getini. Nilimwambia jioni ile, "Baba, mashuka yako yanakuja, wakikupigia pokea." Akasema atapokea.

Ujumbe uliingia Jumamosi asubuhi. Mlima ulikuwa umejifunika tangu alfajiri na baridi ya Julai ilikuwa ile inayokufanya umchukie anayekuagiza ushike maji. Nilikuwa napanga ndoo. Ujumbe, tofauti na kioo, haukati maneno. Ulisema kifurushi changu kitafika leo, na ukataja jina lake lote hadi mwisho: Seti kamili, bafta nyeupe, pamba tupu, vipande vitatu, sanda ya mwanamume.

Nilisoma mara mbili. Hata hapo nilisoma mara mbili.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu baba. Alikuja Arusha kutoka Kondoa akiwa kijana, akawa fundi cherehani, na kwa zaidi ya miaka thelathini mkasi wake ndio uliokuwa ukikata sanda za mtaa wetu. Alikuwa hachukui malipo. Mtu akifa, hodi inapigwa kwetu kabla ya kwingine. Mwanamume vipande vitatu, mwanamke vitano, kitambaa anakijua kwa kidole gumba hata ukimfunga macho. Huyo ndiye mtu niliyempa kazi ya kupokea kile kifurushi, siku tatu kabla ya kupasuliwa. Angefungua, angegusa, angeelewa kwamba binti yake ameshamaliza mahesabu. Na Jumanne asingekwenda. Mtu aliyeshaandaliwa anakwenda hospitali kufanya nini?

Nikaingia kwenye simu nitafute pa kughairi. Palikuwepo. Wakaniuliza sababu, wameziorodhesha: nimebadili mawazo, nimepata bei nafuu zaidi, nimeagiza kwa makosa. Nikachagua makosa. Ikajibu kwamba ombi langu limepokelewa na litashughulikiwa ndani ya saa ishirini na nne. Nikapiga namba ya huduma. Muziki ulipigwa mpaka nikaukariri, ndipo akapokea mwanamke mwenye sauti laini ya Dar.

"Mpendwa mteja, nikusaidie nini?"

"Nataka kughairi oda. Nimekosea."

"Pole sana. Naiona hapa. Bahati mbaya imeshatoka kituo cha Arusha, ipo kwa msafirishaji."

"Mwambie airudishe."

"Utaratibu ni kwamba akishaondoka nacho, mteja anakikataa mlangoni."

"Mteja hayupo mlangoni. Nipe namba ya huyo msafirishaji."

"Haturuhusiwi, mpendwa."

"Basi mpigie wewe. Hela bakini nayo yote. Kitambaa bakini nacho. Naomba tu kisifike."

Katika maisha yangu yote sijawahi kuanza mazungumzo ya bei kwa kutoa kila kitu. Hata yeye alishangaa; nilimsikia akiacha kuchapa.

"Dada," akasema, na sauti ya Dar ikawa sauti ya mtu. "Kuna tatizo gani?"

"Hiyo ni sanda. Nilidhani ni mashuka. Atakayeipokea ni baba yangu, na anaumwa."

Nikasikia anampigia mtu kwa simu nyingine, ikiita, ikiita.

"Hapokei, atakuwa anaendesha. Nimeshaifuta huku kwangu, lakini yeye hataona mpaka asimame. Dada, we kimbia nyumbani."

Nilivuta mlango wa duka bila kuingiza ndoo za nje. Bodaboda wa kwanza akanitajia bei ya mpaka Daraja Mbili, na mdomo wangu, bila kuniuliza mimi mwenyewe, ukasema, "Acha utani, kila siku naenda kwa pungufu ya hapo." Tukabishana. Nusu dakika, labda dakika nzima. Akakubali, nikapanda. Dakika ile nimeikumbuka mara nyingi kuliko nilivyopenda, kwa maana tulipoingia mtaani kwetu niliona pikipiki nyingine imesimama getini, ina sanduku kubwa nyuma, na injini yake ilikuwa bado inatoa joto nilipopita karibu nayo.

Baba alikuwa kwenye kiti chake. Mfuko wa plastiki ulikuwa umechanwa, uko sakafuni. Kitambaa kilikuwa mapajani mwake, na kichupa kidogo cha manukato kimesimama kwenye mkono wa kiti kama mgeni asiyejua pa kukaa. Mbele yake alisimama mleta mzigo, mtu mzima mwenye ndevu zenye mvi, kofia ya pikipiki kaikumbatia kifuani. Alishaona ni nini. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umewahi kufunga duka leo."

"Mzee, naapa," yule mtu akasema, akinigeukia na mimi, "mimi napewa vimefungwa. Sijui ndani kuna nini. Huyu mzee ndiye kaniambia nisubiri akague."

"Hujakosea kitu, ndugu yangu," baba akasema. "Mzigo hukaguliwa mbele ya aliyeuleta."

Nikapiga magoti pale sakafuni. "Baba, ni makosa. Niliagiza mashuka. Jina lilikatika kwenye simu, sikusoma mpaka mwisho, nikaona vipande vitatu, nikaona pamba..."

"Najua."

"Wallahi sikuwa na nia—"

"Nimesema najua. Ungekuwa unanunua sanda usingeinunua kwenye simu." Alikuwa anapitisha ukingo wa kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, macho yake yako kwingine kabisa, kama zamani. "Na usingenunua hii. Ulilipa ngapi?"

Nikamtajia.

"Wamekuibia," akasema. Akamgeukia yule mtu. "Una kibiriti?"

Yule mtu akapapasa mifukoni, akatoa kibiriti cha gesi. Baba akachomoa uzi mmoja pembeni mwa kitambaa, akauwasha. Sisi wawili tukainama kutazama kama watoto. Uzi haukuungua. Ulijikunja, ukarudi nyuma, ukatoa moshi mweusi mwembamba na kubaki kipunje kigumu kwenye ncha.

"Pamba ikiungua inaacha majivu," baba akasema. "Hii ni nailoni imepakwa jina. Nimekata sanda miaka thelathini, sijamvika maiti wa mtu nailoni, nianze na mimi?"

Yule mtu akacheka, kisha akajiziba mdomo kwa kofia yake. Simu yake ikaita muda huohuo. Nilijua ni nani. Akasikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, nipo hapahapa. Akatoa karatasi.

"Wanasema niirudishe. Lakini imeshafunguliwa, kwa hiyo lazima niandike sababu. Niandike nini? Makosa ya mteja?"

"Ukiandika hivyo hela inarudi?" baba akauliza.

"Hairudi, mzee."

"Basi makosa yake tutayamaliza hapa nyumbani. Wewe andika: siyo pamba kama walivyotangaza. Weka na huo uzi ndani ya karatasi." Akampa ule uzi. "Na mwenyewe bado yuko hai. Hilo acha, halina nafasi kwenye fomu."

Kikakunjwa. Ni baba aliyekikunja, mikunjo mitatu iliyo sawa, akakilaza mfukoni na manukato yake juu. Yule mtu alipopokea alisema, "Mungu akupe afya, mzee," akasukuma pikipiki mpaka barabarani kabla ya kuiwasha, nadhani kwa heshima.

Tukabaki wawili. Nilibaki sakafuni nikiokota vipande vya plastiki ambavyo nilikuwa nimeshaviokota.

"Ulikuja mbio," baba akasema.

"Ndiyo."

"Ulidhani nikiiona sitakwenda Jumanne."

"Ndiyo, baba."

Aliangalia kule mlimani. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mabati ya jirani.

"Unajua nimekata ngapi? Sijui na mimi. Lakini hakuna niliyoikata bila kuupima mwili wangu kwa macho kwanza. Ya mama yako nilikata mwenyewe, vipande vitano, na mkasi haukupinda njia. Kitambaa cheupe hakinitishi, mwanangu. Kilichokuwa kinanitisha ni wewe. Mwezi mzima unanibembeleza, unawafukuza watu waliokuja kunijulia hali, unaficha uso jikoni. Nikajua ndani ya moyo wako umeshanizika, unaogopa tu kusema. Sasa leo umesema, kwa nailoni. Tumelimaliza."

Nilikunja plastiki niliyookota, nikaikunjua, nikaikunja tena.

"Sikiliza, maana sitarudia," akaendelea, kwa sauti ileile aliyotumia zamani kunituma dukani. "Siku ikifika utanunua bafta ya kweli, palepale Ngarenaro, wala usimtume mtu. Mimi si mrefu, usikubali wakupimie ya mtu mrefu. Choma uzi kwanza. Na usilipe bei ya kwanza."

"Baba..."

"Usilipe bei ya kwanza! Aliyefiwa hana mdomo, na wao wanalijua hilo. Nimewaona watu wakilipa mara mbili kwa sababu machozi yamewaziba. Wewe mdomo unao. Utalia huku unabishana, umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Vizuri. Sasa mashuka yangu yako wapi? Siwezi kwenda wodini na pazia la harusi."

Nilirudi Ngarenaro mchana huohuo. Ndoo zangu zote zilikuwepo nje, nilizihesabu. Nikaingia mlango wa tatu, nikanunua mashuka meupe matatu, na muuzaji aliponiuliza nani anaumwa nikamjibu: baba yangu, ana uvimbe, anapasuliwa Jumanne. Kumbe kulisema kunachukua muda mfupi tu.

Jumanne alikwenda. Alijilaza mwenyewe kwenye kile kitanda cha magurudumu, akamwambia muuguzi shuka hizo ni pamba, wasizichanganye na za watu. Alirudi. Hakuwa mzima kama zamani, lakini alikaa barazani masika mbili na vuli mbili, akala, akanuna, akamwambia kila mgeni habari ya sanda ya nailoni, na kila alipoisimulia bei niliyolipa ilipanda. Ile hela ilirudishwa kwenye simu yangu baada ya siku kumi na moja, pungufu ya nauli ya mzigo.

Alfajiri aliyoondoka sikumtuma mtu. Nilikwenda mwenyewe, duka la bafta likiwa ndiyo kwanza linafunguliwa. Mwenye duka alinipa pole, akaniletea kigoda, akataja bei kwa sauti ya chini, ya huruma.

Nilikuwa nalia kiasi kwamba simwoni vizuri. "Hiyo ni ya kwanza," nikamwambia. "Nitajie nyingine."

"Dada yangu. Leo?"

"Leo."

Akashusha. Nikamwambia bado. Akanitazama, akashusha tena, na sauti yake ikawa ya kawaida, ya watu wawili wanaofanya biashara asubuhi, nami nikapata pumzi. Nikamwomba kibiriti. Nikachomoa uzi pembeni, nikauwasha. Uliwaka taratibu hadi mwisho, ukaacha majivu laini yaliyopotea nilipoyasugua kati ya vidole. Akapima. Nikamwambia huyo mtu si mrefu, apime tena.

Akakata vipande vitatu, akaviweka mbele yangu. Nilivihesabu, nikavihesabu tena.